Mbuyu Wangu Uliokufa Bila Kufa

Juzi dada mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Kaka, nachora mandhari ya mafumbo. Mti mkavu ni kifo na mto ni maisha, sivyo?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo lilishanitoa jasho.

Nilipoanza kuchora nilikariri alama za wageni kama mtoto wa chuoni. Thomas Cole, mchoraji wa Marekani, kwenye picha zake nne za Voyage of Life (Safari ya Maisha), alimtoa mtoto pangoni kwa mashua, akampitisha kijana mtoni, akamtia mtu mzima kwenye maporomoko bila usukani, kisha akamfikisha mzee baharini. Jacob van Ruisdael, mchoraji wa Uholanzi, naye kaweka mti mkavu makaburini, na juu yake upinde wa mvua. Nikasema, basi, kazi ni hiyo.

Februari nikaenda ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, nikachora mbuyu usio na jani hata moja. Nikauita Mauti. Nilijiona bingwa! Kwenye maonyesho mzee mmoja wa Mji wa Kale akasimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Mwanangu, mbuyu huu umekufa lini?"

"Ni fumbo, mzee."

"Fumbo? Mimi naupita kila siku. Ngoja masika, utauona."

Watu wakacheka. Jioni mwenye ukumbi akaiteremsha picha, eti "haieleweki". Lile neno bado laniuma, sifichi. Lakini mzee alisema kweli: kiangazi mbuyu hupukutisha majani, mvua ikija huchipua. Mimi nilikuwa nimeuzika ungali hai.

Miezi mingi sikushika brashi, hayo tuyaruke. Siku moja nikateremka kwenye hori la Tudor, hapahapa Mombasa, maji yamekupwa. Tope nililolidhania kahawia, ukiinama ni kijivu chenye zambarau, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanakupungia. Mizizi ya mikoko iko uchi. Saa sita baadaye yote imefunikwa. Nikachora kanvasi moja nusu mbili: kushoto mtumbwi umelala ubavu topeni, kulia mtumbwi uleule unaelea. Mwezi uliopita imenunuliwa, na mnunuzi hakuomba hata kupunguziwa. Narudia: hakuomba.

Kwa hiyo vijana wenzangu, tokeni nje. Alama haiokotwi kitabuni, huokotwa topeni. Cole alikuwa na mito yake, na Ruisdael mawingu yake ya Uholanzi. Wewe una kusi na kaskazi, una bamvua, una mnazi uliopindwa na upepo. Mtu wa Mombasa ukimchorea theluji kuwa ndiyo mauti, ataona friji. Tokeni nje, nasema. Kaeni na mti mwaka mzima kabla hamjaupa maana, na mkiwa na haraka, kauzeni picha za twiga kwa watalii.

Na wewe dada wa Kisauni, kabla sijakujibu: mti wako ni mti gani, na uliuchora mwezi gani?