Bastola Ndogo na Hewa ya Chumvi: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri, assalam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kongowea na nina cheti halali cha kumiliki silaha. Kwa miaka mingi nilikuwa na bastola kubwa ya Ceska, lakini ilionekana chini ya shati, kwa hiyo nikaibadilisha kwa bastola ndogo ya milimita 9. Nikienda kupiga shabaha, haimalizi magazini mbili (vile vibweta vya risasi vya ndani ya mpini) bila kukwama: mara ganda husimama wima kwenye mlango wa kutokea, mara risasi inayofuata hugota isiingie. Rafiki yangu akiishika yeye, haikwami sana. Fundi mmoja wa jua kali ameniambia ataisugua kwa msasa njia ya kupandia risasi iwe laini. Je, nimkubalie?
Msomaji, Kongowea

JIBU: Wa aleikumu salaam, ndugu yangu. Fundi huyo usimpe silaha yako. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inamruhusu kutengeneza silaha kwa biashara yule tu aliyesajiliwa kuwa muuzaji wa silaha, nawe ndiwe unayedaiwa usalama wa silaha hiyo kila saa. Isitoshe, chuma kikishasuguliwa hakirudi, na mwinamo wa njia hiyo ukibadilika hata kidogo, kasoro iliyokuwa ikirekebishika huwa ya kudumu.

Dokezo kubwa umelitaja kwa kupita tu, nalo ni kwamba rafiki yako akiishika haikwami sana. Bastola za namna hii hutumia nguvu ya risasi yenyewe kujiendesha. Risasi ikilipuka, slaidi, yaani kile chuma cha juu, hurudi nyuma na kulitupa nje ganda tupu, kisha springi huisukuma mbele, nayo ikiwa njiani huikomba risasi mpya kutoka magazini na kuiingiza chemba, yaani mahali nyuma ya mtutu inapokaa risasi iliyo tayari kupigwa. Ili hayo yatimie, sehemu ya chini sharti itulie mkononi. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu hupotea, na slaidi hukatiza safari yake kabla ya kuimaliza. Hapo ndipo ganda hunaswa likiwa wima.

Ceska 75 ya chuma kitupu ina uzito wa kama kilo moja na mtutu wa milimita 120, na uzito huo hufunika makosa mengi ya mshikaji. Bastola za kuficha hazina stahamala hiyo. Glock 43, iliyotoka mwaka 2015, ina mtutu wa milimita 86, na Ruger LCP, ambayo haifiki gramu 300 ikiwa tupu, mtutu wake ni wa milimita 70 hivi. Slaidi fupi na nyepesi huenda mbio zaidi, springi yake hulazimika kuwa kali, na magazini hupata muda mfupi mno wa kuinua risasi inayofuata. Kwa hiyo ubovu mdogo, kama vile springi ya magazini iliyochoka au midomo ya magazini iliyopinda kwa kuangushwa sakafuni, ambao bastola kubwa ingeumeza kimyakimya, huku huonekana mara moja.

Anza na mkono: ishike juu kabisa ya mpini, kaza kifundo, na mwombe mwalimu wa uwanjani akutazame. Kisha zitie magazini zako alama, moja namba 1 na nyingine namba 2, uandike kila inapokwama ilikuwa ipi. Iwapo ni ile ile kila mara, badilisha magazini, bastola yenyewe usiiguse. Iwapo ni zote, jaribu risasi za aina nyingine, kwa kuwa zenye pua ya mviringo hupanda kwa wepesi kuliko zenye pua bapa au yenye tundu. Soma pia maandishi ya kitakoni mwa risasi: ile iitwayo .380, ambayo Browning aliitoa mwaka 1908, ina ganda la milimita 17, nayo si ile ya milimita 19 ingawa zote huitwa za 9; ikitiwa katika bastola isiyo yake huleta matatizo kama haya haya. Mwisho ni springi ya slaidi, ambayo katika bastola ndogo huchoka mapema. Fuata idadi ya risasi iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na kazi hiyo mpe muuzaji aliyesajiliwa.

Wapigaji wengi wana desturi ya kutoiamini bastola mpya mpaka imepiga risasi kama 200 bila kukwama, zikiwemo za aina ile ile utakayobeba. Mimi naiunga mkono, ijapokuwa cheti chako kina kikomo cha risasi na itakubidi uzigawe kwa mazoezi ya siku kadhaa.

SWALI: Mhariri, bastola yangu huikalisha ndani ya mkoba wangu wa begani, na majuzi niliona madoa ya kutu karibu na kilengeo cha nyuma. Mume wangu ameipaka mafuta ya nazi. Je, yafaa?
Mama, Nyali

JIBU: Mafuta ya nazi yaache jikoni, mama. Mafuta ya chakula yakikaa huchacha na kunata, na yakinata hushika kila kilichomo mkobani: vumbi, nyuzi, poda, hata makombo ya kaimati. Tumia mafuta ya silaha, tena kidogo. Watu wa pwani tukiiona kutu huzidisha mafuta, lakini yakizidi huchuruzika hadi kwenye tundu la pini inayoigonga risasi na yaweza kupenya kwenye fataki iliyo kitakoni mwa risasi, nayo ikakataa kulipuka siku unapoihitaji.

Kabla ya kuigusa kwa usafi, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi utoe risasi iliyo chemba. Tazama kwa macho, pitisha na ncha ya kidole, na risasi zote zitoe nje ya chumba unamosafishia. Atakayevuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye atakuwa ameingiza risasi nyingine bila kujua.

Hapa kwetu, hewa ya bahari na jasho hufanya kazi usiku na mchana, na hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu hushika. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni uliyotoka nayo, na kila wiki toa vumbi kwa brashi ndogo, hata kama hukupiga risasi yoyote. Usiilaze kabatini ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Ndani ya kasha la chuma weka vile vifuko vya kukausha unyevu, uvibadilishe vikishachoka. Mkobani nako itengee mfuko wake peke yake, ikiwa ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio, maana funguo na kalamu zina njia zake za kuingia pasipotakiwa.

SWALI: Kila usiku huitoa risasi iliyo chemba na asubuhi huirudisha ile ile. Kuna ubaya?
Msomaji, Tudor

JIBU: Upo. Kila slaidi inapoigonga, kichwa cha risasi huweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua na shinikizo la mlipuko hupanda, wakati mwingine kupita kiasi. Ilinganishe na risasi mpya zikiwa zimesimama mezani. Iliyofupika, hata kwa unywele, iweke kando na umrudishie muuzaji.