Maswali na Majibu: Wingu la Maneno na Maandishi ya Kiswahili

SWALI: Nimekusanya majibu 600 ya wagonjwa wa kliniki ya meno, ambao waliulizwa waeleze kwa maneno yao jinsi walivyohudumiwa. Nilitumia maktaba ya wordcloud (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine), katika lugha ya programu ya Python, kutengeneza picha ya wingu la maneno, yaani picha ambamo maneno yaliyorudiwa zaidi huandikwa kwa herufi kubwa zaidi, kwa ajili ya ripoti. Picha ilitoka bila hitilafu, lakini maneno makubwa kuliko yote ni "ya", "wa", "na" na "kwa". Neno "oa" limejitokeza ilhali hakuna aliyezungumzia ndoa. Na kila ninapoendesha programu, mpangilio hubadilika. Nimekosea wapi?

JIBU: Msimbo wako hauna kosa. Tatizo ni kwamba maktaba hiyo haijui Kiswahili, na kazi yake hasa ni kupanga maneno kwenye picha, si kuyaelewa. Orodha ya maneno ya kuachwa inayokuja nayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo viunganishi vyetu hupita bila kuzuiwa na kuchukua nafasi kubwa. Andaa orodha yako mwenyewe, uipitishe kupitia kigezo (mpangilio unaouweka mwenyewe) cha stopwords, yaani maneno ya kuachwa, na uianze kwa yale maneno manne uliyoyataja pamoja na "ni", "katika", "hiyo", "yake" na ndugu zao. Usiwe na haraka ya kuongeza "hakuna", "bila" wala "si". Katika maoni ya wagonjwa maneno hayo ndiyo yanayobeba lawama, na ukiyafuta, aliyeandika "hakuna dawa" atahesabiwa sawa na aliyeshukuru kwa dawa alizopewa.

Kuhusu "oa", nashuku wagonjwa wengi waliandika "kung'oa" kwenye simu, na simu ikaweka alama ya ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Maktaba hukubali ritifaa iliyonyooka ndani ya neno, lakini ile iliyopinda huiona kuwa mpaka wa neno, na hivyo "kung" hubaki upande mmoja na "oa" upande mwingine. (Ni bahati kwamba umeliona mapema, kabla kliniki haijasifiwa kwa kufungisha ndoa.) Badilisha ritifaa zote zilizopinda kuwa zilizonyooka kabla ya hatua nyingine yoyote.

Lililo zito zaidi hukuliuliza. Kiswahili huambatisha nafsi, wakati na ukanushi kwenye kitenzi, kwa hiyo "walinihudumia", "ananihudumia" na "tulihudumiwa" huhesabiwa kuwa maneno matatu tofauti, na hoja iliyorudiwa na watu wengi huonekana katika vipande vidogo vidogo visivyovutia jicho. Maktaba hujaribu kuunganisha umoja na wingi kwa kuondoa herufi "s" mwishoni mwa neno, jambo lisilotusaidia sisi ambao wingi wetu uko mwanzoni: "jino" na "meno" hazitaunganishwa kamwe kwa njia hiyo. Kwa majibu 600 ningekushauri ufanye hesabu mwenyewe. Orodhesha maneno yote pamoja na idadi yake, andika jedwali linaloonyesha kila umbo liingizwe chini ya neno lipi, jumlisha, kisha uikabidhi maktaba kamusi ya Python (dict) yenye kila neno na idadi yake, kwa kutumia amri ya generate_from_frequencies. Fahamu kwamba njia hii haiangalii tena orodha ya stopwords, kwa hiyo maneno ya kuachwa yaondolewe kabla ya hapo. Kazi hiyo inachosha, lakini hapo ndipo utakapoamua kwamba "hawakunihudumia" lisiingizwe katika fungu moja na "walinihudumia", uamuzi ambao hakuna programu ya kuchora itakayokufanyia.

Mpangilio hubadilika kwa sababu nafasi na rangi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ukikipa kigezo cha random_state namba yoyote, tuseme 7, utapata picha ileile kila mara, mradi maandishi na mipangilio mingine ibaki vilevile. Kwa kawaida picha huwa na upana wa pikseli 400 na kimo cha pikseli 200, vipimo vidogo mno kwa ripoti ya kuchapishwa, basi viongeze.

Msomaji wa ripoti aelezwe pia kwamba ukubwa wa herufi haulingani moja kwa moja na idadi. Kwa mpangilio wa kawaida, neno lililotajwa nusu ya mara za lile linalolitangulia katika orodha ya idadi hupewa takriban robo tatu ya ukubwa wake, na neno lisilopata nafasi hupunguzwa zaidi. Ukiweka kigezo cha relative_scaling kuwa 1, uwiano hukaribia idadi halisi. Hata hivyo neno refu hutawala jicho kuliko "dawa", ijapokuwa yametajwa sawa, na ndiyo maana mimi huweka jedwali la maneno kumi ya kwanza chini ya wingu.

SWALI: Nataka wingu liwe na umbo la jino, lakini maneno humwagika nje ya mchoro. Kwa nini?

JIBU: Maktaba huacha wazi sehemu iliyo nyeupe kabisa tu, yaani yenye thamani 255, kipimo cha juu kabisa cha mwanga katika picha. Mchoro uliohifadhiwa kama JPEG huwa na madoa hafifu ambayo jicho huyaona meupe, na maneno hupenya humo. Hifadhi mchoro wako kama PNG, na usafishe mandhari yake iwe nyeupe tupu.