Mbwa Mwenye Saratani Isiyopona: Maumivu, Pumzi na Sindano ya Mwisho

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mbwa wetu wa miaka 9 ana saratani ya mfupa kwenye mguu wa mbele, na imeshafika mapafuni. Anatumia karprofeni, dawa ya maumivu aliyoandikiwa, lakini siku mbili hizi anakula kidogo na usiku anahema sana. Nyumbani tuna ibuprofeni, na vidonge vya prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) vilivyobaki vya mbwa mwingine. Naweza kumwongezea mojawapo?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata moja, tafadhali. Ibuprofeni ni sumu kwa mbwa. Hata prednisoloni, ambayo mbwa hupewa, haichanganywi na karprofeni: zote mbili huondoa kinga ya ukuta wa tumbo, na zikikutana huleta vidonda, hata kutoboka kwa utumbo. Kinyesi cheusi kama lami au matapishi yenye damu ndiyo dalili.

Halafu, huenda kinachomkosesha hamu ya kula si saratani bali ni hiyo karprofeni yenyewe. Kama anatapika, anaharisha au amegoma kula kabisa, usimpe dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo. Muulize kuhusu kuongeza dawa ya maumivu ya kundi jingine, kama gabapentini. Siku za mwanzo humfanya mbwa asinzie na kuyumba. Mara nyingi hali hiyo hupungua. Epuka gabapentini ya maji ya binadamu, maana baadhi zina zailitoli, sukari mbadala inayoweza kumuua mbwa. Dawa ya maumivu ifuate saa. Ukingoja mpaka alie umechelewa, kwa sababu mbwa wengi hawalii: huhema wakiwa wamepumzika, hubadilisha mkao kila mara, hulamba sehemu moja, au hujitenga.

Kuhema huko kunaweza kuwa maumivu au mapafu. Akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Ikizidi 30 kwa dakika usiku baada ya usiku, mpigie daktari. Fizi zikiwa nyeupe au za bluu, mpeleke saa hiyohiyo.

Chakula kipashe kiwe vuguvugu, kiasi cha joto la mwili, ndipo harufu ipande. Mpe kidogokidogo mara nne kwa siku. Usimsukumie mdomoni kwa bomba la sindano, kinaweza kuingia mapafuni.

Mguu wenyewe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mfupa ulioliwa na saratani huvunjika kwa mruko mmoja tu wa kushuka kitandani. Zuia ngazi, tandika mikeka kwenye sakafu inayoteleza, na umsaidie kuinuka kwa taulo lililopitishwa chini ya kifua. Mguu ukining'inia ghafla, usiufunge gango mwenyewe. Mbebe kwa daktari. Mfupa wa namna hiyo hauungi vizuri, na mara nyingi hapo ndipo uamuzi wa sindano ya mwisho hulazimika kufanywa kwa haraka. Kwa hiyo uzungumzieni sasa. Wekeni kalenda ukutani, kila jioni mwandike kama siku ilikuwa njema au mbaya. Mbaya zikianza kuzidi njema, msisubiri.

SWALI: Tumeamua mbwa wetu alazwe usingizi wa milele kwa sindano. Mtoto wetu wa miaka 10 anataka kuwepo. Ataona nini?

JIBU: Aruhusiwe, ila aelezwe kabla. Mwombeni daktari aanze na dawa ya usingizi. Ndani ya dakika chache mbwa hatambui tena kinachoendelea. Kisha pentobabitoli huingizwa kwenye mshipa na moyo husimama, kwa kawaida ndani ya dakika mbili tatu. Macho hubaki wazi. Misuli inaweza kutetemeka, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama. Huko si kuamka wala si maumivu. Mkojo hutoka, basi tandikeni kitambaa. Mkimzika, chimbeni shimo refu: dawa hubaki mwilini, na mnyama atakayefukua na kula nyama hiyo anaweza kufa.