Masomo ya Uchungaji, Shamba na Nyumba: Nitayabebaje Yote?

SWALI

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti katika usharika mmoja wa vijijini mkoani Njombe, nina umri wa miaka 41, nimeoa na tuna watoto wanne. Nimekubaliwa kusoma stashahada ya theolojia kwa mpango wa kusoma nikiwa nyumbani na kwenda chuoni kwa vipindi vifupi. Tunalima ekari tatu za mahindi, maharage na viazi mviringo, na tunafuga ng'ombe wawili wa maziwa zizini. Kipindi kimoja cha chuoni huangukia mwishoni mwa Novemba, mvua zinapoanza, na kingine Februari. Mke wangu hajanikataza, lakini siku hizi amekuwa kimya, na binti yetu mkubwa amekosa shule mara kadhaa kwa sababu ya kukata majani ya ng'ombe. Nikifikiria kuahirisha masomo, hunijia lile neno la Luka 9:62 kuhusu mtu atiaye mkono kulima kisha akatazama nyuma. Nifanye nini?

Mwinjilisti, Njombe

JIBU

Ndugu Mwinjilisti, usiache masomo, lakini usiendelee nayo kwa namna unayoendelea nayo sasa. Katika barua yako, jambo lililonigusa kuliko yote ni binti anayekosa shule ili baba yake asome. Hilo ndilo la kurekebisha kwanza, hata kabla ya ratiba ya chuo.

Neno la Luka 9:62 lisomwe pamoja na habari ya Elisha katika 1 Wafalme 19. Elisha aliitwa akiwa shambani, nyuma ya jozi kumi na mbili za ng'ombe. Aliomba kwanza kuwaaga baba na mama yake, kisha akachinja ng'ombe na kuwalisha watu, ndipo akamfuata Eliya. Hakuondoka akiwaachia wengine jembe na wanyama bila utaratibu. Nawe unao wajibu wa kuamua, pamoja na mke wako, ni kazi gani ya nyumbani itapunguzwa kwa miaka hii ya masomo, kwa sababu kazi usiyoipunguza haipotei unapopanda basi kwenda chuoni. Inahamia mgongoni mwake na mwa watoto.

Nianze na ng'ombe, ambao hawajui likizo. Ng'ombe mmoja mkubwa wa zizini hula takribani kilo 50 au zaidi za majani mabichi kwa siku, na hukamuliwa asubuhi na jioni, mvua inyeshe au jua liwake. Wawili ni ajira kamili ya mtu mmoja. Ningekushauri mbakize mmoja, yule mwenye maziwa ya kuaminika, na fedha ya yule mwingine mtakayekubaliana kumuuza igawanywe kati ya ada na vibarua. Viazi navyo ningeviweka kando hadi umalize, kwa kuwa wakati wa mvua ukungu huvishambulia kwa siku chache tu, na dawa lazima ipigwe mara kwa mara na mtu aliyepo. Mahindi na maharage yabaki, maana hicho ni chakula chenu. Ekari moja mnaweza kumkodisha jirani kwa msimu, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, lakini msiuze ardhi kwa ajili ya ada.

Katika mahindi, kazi isiyosubiri ni kupanda na palizi ya kwanza. Magugu yakiachwa katika wiki za mwanzo, mbolea ya kukuzia haitarudisha kilichopotea. Basi tenga fedha ya kibarua wa kupanda na wa palizi mapema, na umkabidhi mke wako mkononi kabla hujasafiri, asilazimike kukopa wala kukupigia simu ukiwa darasani.

Kuhusu kusoma kwenyewe, Kiyunani, lugha ya asili ya Agano Jipya, hakikubali kusomwa kwa pupa usiku wa kuamkia mtihani. Nusu saa kila alfajiri kabla ya kukamua itakufikisha mbali, na kazi za maandishi za Agano Jipya uzifungamanishe, pale mwalimu anaporuhusu, na somo utakalohubiri Jumapili. Kazi nzito za kuandika zisubiri Agosti hadi Oktoba, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Isaya 28 inauliza kama mkulima hulima mchana kutwa bila kukoma, nayo inasema kwamba Mungu mwenyewe ndiye amfundishaye majira ya kila kazi. Kifungu hicho kingefaa kusomwa na kila anayepanga ratiba za vyuo vyetu.

Nalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu mpango wa namna unayosoma ulizaliwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala ilianza kuwapelekea masomo viongozi wa sharika mahali walipo, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wakiongoza makanisa kwa kweli walikuwa watu wazima wenye familia na mashamba, wasioweza kuyaacha kwa miaka mitatu. Kutoka huko mpango huo, uitwao elimu ya theolojia kwa enezi, ulienea hadi Afrika. Chuo kinachomwita mkulima wa Nyanda za Juu Kusini darasani wiki ya kupanda kimesahau sababu hiyo.

Kwa hiyo mwandikie mkuu wa chuo, ukipitia kwa mkuu wako wa jimbo, ukiomba kipindi cha Novemba kihamishiwe Septemba. Huenda wenzako wengi darasani ni wakulima pia, ombeni pamoja. Barua hiyo iandike sasa, kabla ratiba ya mwaka ujao haijapitishwa, na umpe mke wako aisome na kuongeza lake kabla hujaituma.