Kasuku kujinyonyoa baada ya mwenyewe kusafiri

Pole sana dada. Huyo kasuku aliyejinyonyoa kifua na kupiga kelele kutwa tangu uende Ukerewe wiki mbili hajakununia, wala si ukorofi. Porini kasuku huishi kwa makundi. Nyumbani kundi lake ni wewe, na ulitoweka ghafla. Wangu hapa Nyegezi alifanya hivyohivyo mwaka jana, roho iliniuma kumwona kifua wazi.

Usimgombeze, wala usimkimbilie kila anapopiga kelele, maana atajifunza kwamba kelele ndizo zinazokuleta. Msemeshe akitulia. Mpe vya kurarua: gunzi, kijiti cha mpera. Usiku mfunikie tundu alale kwa muda wa saa 10 hadi 12. (Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake.)

Ila kunyonyoka huweza pia kuletwa na utitiri au ugonjwa, na ndege huficha maumivu mpaka yazidi. Akisusa chakula siku nzima, au ukimkuta amevimbisha manyoya chini, ndani ya tundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Safari ijayo, atakayebaki naye aanze kumlisha wiki moja kabla, wewe ukiwepo.