Maharage ya kuoka bila gluteni: moto wa oveni hauiondoi

SWALI: Mtaalamu, binti yangu wa miaka 9 amethibitika kuwa na ugonjwa wa seliaki, ule ambao gluteni huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo, kwanza kwa kipimo cha damu, kisha kwa kipande cha utumbo kilichopimwa maabara. Anapenda mno maharage ya kuoka yenye mchuzi wa nyanya, ila ya kopo nimeshindwa kuyaamini, kwa hiyo nataka kumpikia mwenyewe. Huwa natia kijiko kikubwa cha unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito, na mchuzi wa soya kidogo kwa ajili ya ladha. Wifi yangu anasema maharage yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, halafu yakakaa oveni muda mrefu, gluteni yote inakufa. Ni kweli? Kama si kweli, nitumie nini badala ya unga?

JIBU: Dada yangu, si kweli, na nakuomba usimpe mtoto maharage yenye unga huo hata kwa kujaribu mara moja. Najua wifi yako hana nia mbaya. Maneno hayo yamezagaa, na mimi huyasikia kwa wagonjwa mpaka yamenichosha, kwa sababu wanaoyaeneza hawapo pale utumbo wa mtoto unapopimwa tena na kukutwa haujapona.

Gluteni haifi kwa sababu si kijidudu. Ni protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya rai. Mkate huokwa kwenye oveni ya nyuzi joto 200 na zaidi, na mkate huohuo ndio wa kwanza kukatazwa mtu mwenye seliaki. Moto ungekuwa unaiondoa gluteni, nani angehitaji kuacha mkate? Joto hubadilisha umbo la protini tu. Vile vipande vinavyoichokoza kinga ya mwili hubaki. Hata tumbo lenyewe huvishindwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza kipande kimoja cha gluteni ya ngano, chenye asidi amino 33, ambacho vimeng'enya vya tumbo na vya utumbo haviwezi kukikata. Kama asidi ya tumbo na vimeng'enya vyake vimeshindwa, oveni yako haitaweza.

Sasa tupige hesabu ya kijiko chako. Kijiko kikubwa cha unga wa ngano kina gramu 8 hivi, na takriban sehemu moja ya kumi yake ni gluteni. Hiyo ni kama miligramu 800. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo, maana yake sufuria ya kilo 2 isizidi miligramu 40. Kijiko kimoja kimeshavuka mara 20. Ukigawa sufuria hiyo kwa watu 8, sahani ya binti yako ina miligramu 100. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa wa seliaki miligramu 50 kwa siku kwa muda wa miezi 3, na kiasi hicho kilitosha kuudhuru utumbo. Wala usisubiri alalamike tumbo ndipo uamini. Wagonjwa wengi huharibika ndani huku wakionekana wazima.

Kuhusu kuloweka, maharage hayana gluteni ya kutoa. Yakiwa na ngano au shayiri, basi ni punje zilizoingia shambani, ghalani, kwenye magunia au kwenye mashine ya kufungashia, na kuloweka hakuzitoi punje, kutazivimbisha tu. Zinaondolewa kwa macho na vidole. Mwaga maharage kwenye sinia pana yangali makavu, yatandaze kiganja kimoja kimoja mahali penye mwanga, uyachambue. Punje ya ngano utaitambua kwa mfereji uliopita katikati ya upande mmoja. Ya shayiri mara nyingi bado ina ganda na imechongoka ncha zote mbili. Ukishachambua, osha kwa maji yanayotiririka kuondoa vumbi la unga, ndipo uloweke. Ukipata maharage yaliyopimwa na kuandikwa kuwa hayana gluteni, nunua hayo, lakini sinia usiliache.

Kupika kwenyewe ni rahisi. Maji ya kuloweka yamwage, weka mapya, chemsha yatokote kwa nguvu dakika 30, hasa yakiwa maharage mekundu, kisha punguza moto mpaka yaive kabisa. Nasisitiza yaive kabla ya kukutana na nyanya, kwani uchachu wa nyanya huyafanya yagome kulainika. Baada ya hapo tia vitunguu vilivyokaangwa, nyanya zilizosagwa, sukari au molasi, chumvi na siki kidogo, funika, uweke oveni kwenye nyuzi 150 kwa saa mbili au zaidi, na nusu saa ya mwisho funua. Kuhusu uzito wa mchuzi, unga hauhitajiki kabisa: chota upawa mmoja wa maharage yaliyoiva, yaponde, uyarudishe. Wanga wa mahindi ulioandikwa hauna gluteni nao unafaa, ila kwa maoni yangu maharage ya kuponda yanatoa mchuzi mtamu zaidi.

Mchuzi wa soya ndio ulionishtua zaidi kuliko unga, kwa sababu unga angalau unaujua. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Tafuta ulioandikwa wazi kuwa hauna gluteni, au uache. Siki ya kimea hutokana na shayiri, kwa hiyo tumia ya tufaha. Unga wa haradali na vipande vya supu vya kuyeyusha husomwa lebo kila unaponunua, hata kama ni chapa ileile, maana viwanda hubadilisha mchanganyiko. Na chujio unalochujia tambi za ngano, pamoja na mwiko wa mbao uliokorogea unga, visiguse sufuria hii. Mnunulie mtoto vyake.

Nimetaja kutokota kwa nguvu kwa sababu. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, na sufuria za umeme za kupika polepole huenda zisifikie joto la kuivunja. Mtu akila maharage ya namna hiyo, hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, halafu nyumba nzima inasema gluteni imemdhuru. Vivyo hivyo kujaa gesi: maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauzimeng'enyi, bakteria wa utumbo mpana wakizichachusha gesi inajaa. Hayo hayahusiani na gluteni hata kidogo.

Hapa ndipo ninapokasirika, na sasa nasema na kila anayesoma. Tumbo limejaa, jirani anatoa hukumu kuwa ni gluteni, na muuzaji tayari ana kidonge mkononi. Kuna vidonge vya vimeng'enya vinavyodaiwa kumruhusu mgonjwa wa seliaki kula ngano. Kuna mitishamba ya "kusafisha utumbo". Kuna unga wa "ngano ya kale" unaouzwa kama salama, ilhali spelti ni ngano na ina gluteni yake. Tangu daktari wa watoto Mholanzi Willem-Karel Dicke aonyeshe katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo inayowaumiza watoto hawa, tiba imebaki kuiondoa kabisa pamoja na shayiri na rai. Anayekuuzia njia ya mkato anauza afya ya mwanao.

Na jambo linalowaharibia watu wengi kuliko hata vidonge: kuacha ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza gluteni ikiwa bado inaliwa. Ukiacha miezi kadhaa, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, majibu yanatoka safi na ugonjwa unabaki umejificha. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 angalau kabla ya kipimo. Kama umeshaacha, mwambie daktari wazi. Atapanga nawe namna ya kuirudisha chini ya uangalizi, au ataanza na kipimo cha vinasaba vya HLA-DQ2 na HLA-DQ8, ambacho hakibadilishwi na chakula. Usipokuwa navyo, seliaki karibu inaondoka kwenye orodha, na kinachokujaza tumbo kitafutwe kwingine. Ukiwa navyo, bado hujathibitika kuwa mgonjwa, kwa kuwa watu wengi wasio na seliaki wanavyo pia, na safari ya vipimo inaendelea.