Ukirejesha bakapu ya tovuti, faili mpya zinakwenda wapi?

Tovuti ya hoteli ndogo ya Paje imeharibika Alkhamisi, na bakapu (nakala ya akiba) iliyopo ni ya Jumapili. Picha za vyumba zilizopandishwa Jumanne zitabaki? Na bukingi za Jumatano? Kwa tovuti ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) majibu ni mawili, kwani faili zina tabia yake na databesi, yaani majedwali yenye makala na bukingi, ina yake.

Ukifungua bakapu ya tar au zip ndani ya public_html (folda ya tovuti kwenye seva), faili yenye jina lile lile hufunikwa na ya zamani, hata kama iliyopo ni mpya zaidi. Isiyokuwamo kwenye bakapu haiguswi. Basi picha za Jumanne zitakuwamo ndani ya wp-content/uploads, lakini style.css (faili ya mwonekano wa tovuti) uliyoirekebisha Jumatatu imekwenda.

Databesi haina huruma. Faili ya mysqldump (bakapu ya databesi), kwa kawaida, huweka amri ya DROP TABLE IF EXISTS mbele ya kila jedwali: lililopo linafutwa, linaundwa upya, linajazwa data za Jumapili. Bukingi, makala na nywila zilizobadilishwa baada ya hapo hazimo tena. Ndiyo maana picha ipo kwenye seva lakini maktaba ya picha haiioni, rekodi yake imefutika. Iingize tena kwa amri ya WP-CLI, wp media import, pamoja na --skip-copy, usije ukapata nakala mbili.

UpdraftPlus, plagini (programu ya nyongeza) ya bakapu, ina mwendo mwengine: folda ya sasa huisogeza pembeni kwa jina kama uploads-old. Usibonyeze kitufe cha kufuta folda za zamani kabla hujatoa picha zako humo. Snapshot (nakala ya papo hapo) ya seva nzima, hiyo inarudisha kila kitu nyuma, na barua pepe pia kama zinakaa humo humo.

Kama tovuti imedukuliwa, kule kubaki kwa faili mpya ndiko balaa lenyewe: faili ya .php (ya programu) iliyopenyezwa Jumatatu itabaki. Hapo badilisha jina la public_html, rejesha ndani ya folda tupu, kisha rudisha picha tu.

Kabla ya yote, toa nakala ya databesi ya sasa kwa phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi), hata ikiwa mbovu, na uzip faili zote uzishushe kwenye kompyuta yako. Na kama kilichoharibika ni plagini moja, rejesha folda yake peke yake, databesi iwache. Watu wengi hurejesha vyote kwa pupa, wakapoteza wageni bure.

Angalia na saa. Seva ikiwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), bakapu ya 02:00 ni saa 11 alfajiri kwetu.

Databesi ikisharudi, hesabu ya namba nayo imerudi nyuma: bukingi mpya itapewa namba ambayo mgeni wa Jumatano anayo kwenye risiti yake. Kama namba hizo zinatoka kwenye jedwali la wp_posts, ipandishe AUTO_INCREMENT (namba itakayofuata) ya jedwali hilo ipite namba ya mwisho iliyotumika, ndipo uifungue tovuti.